Kisigino cha Mama

Ilikuwa Jumapili jioni, theluji imerundikana nje ya dirisha. Nilikuwa nimemletea Mama uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kule nyumba ya wazee anakotunzwa. Akanywa vijiko vinne, akageuza uso.

"Mguu unaniwaka, mwanangu."

"Upi, Mama?"

"Huo huo uliokufa."

Nikafunua blanketi, nikamvua soksi. Kisigino cha kushoto, upande uliopigwa na kiharusi, kilikuwa kimeegemea godoro kwa uzito wote wa mguu. Mtu asiyejua asingeona kitu. Ngozi yetu haiwi nyekundu kama zile picha za vitabuni. Inakoza tu, inaelekea rangi ya zambarau, na kwenye mwanga hafifu wa taa ya kitandani inajificha kabisa. Nikaweka mgongo wa kiganja changu pale. Pana joto. Nikagusa cha kulia, baridi. Nikabonyeza kwa kidole gumba: kulia palikuwa laini, kushoto pamekaza kama embe ambalo halijaiva.

Hivyo ndivyo kidonda cha kulalia kinavyoanza kwa mtu mweusi. Kikishafika kuonekana na kila mtu, kimeshakula nyama.

Nikamwita muuguzi. Akaja na kompyuta yake, akafungua kumbukumbu za Mama na kunisomea bila wasiwasi. Amegeuzwa saa nane. Amegeuzwa saa kumi. Amegeuzwa saa kumi na mbili.

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti tangu saa tisa.

Kilichonijia kwanza hakikuwa hasira. Niliijua ile alama ya "amegeuzwa". Niliijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

Majina kumi na moja

Mama ninayemsema ni mama mkwe wangu. Alikuja Minnesota, Marekani, kutoka Tanga miaka mingi iliyopita kutulelea watoto, na watoto wamekua mikononi mwake. Mwezi wa pili mwaka huu alianguka jikoni. Siku ya tano hospitalini, ofisa ustawi wa jamii akatuletea karatasi yenye majina kumi na moja ya nyumba za wazee. Tulitakiwa kujibu ndani ya siku chache.

Nikamuuliza yeye angempeleka mama yake wapi. Akasema hawaruhusiwi kumchagulia mgonjwa. Nilimwelewa, lakini niliondoka pale na karatasi mkononi kama mtu aliyepewa rundo la funguo akaambiwa mlango ni mmoja tu.

Usiku ule wifi yangu akatuma sauti ya WhatsApp kutoka Tanga, dakika nne nzima, analia. "Wifi, Mama akaogeshwe na watu asiowajua?" Mjadala huo kila familia ya ughaibuni inaujua na sitaurudia hapa. Nyumba yetu ina ngazi. Mama anahitaji watu wawili kumnyanyua. Mume wangu na mimi tuna kazi tatu kati yetu. Nilimjibu wifi kwamba tutamtafutia mahali pazuri, na nilipokuwa nasema hivyo nilijua kwamba mimi, kuliko mtu yeyote kwenye ukoo huu, sina kisingizio cha kukosea. Nimefanya kazi kwenye nyumba hizo miaka sita kama msaidizi wa wauguzi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nyota

Marekani kila nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo, hupewa nyota, moja hadi tano. Utaratibu huo upo tangu 2008 na unaona kila kitu kwenye tovuti ya Medicare. Jina la kwanza kwenye karatasi yetu lilikuwa na nyota tano. Mume wangu akasema, basi, tumemaliza.

Nilimwomba asubiri.

Nyota zina sehemu tatu. Kuna ukaguzi wa jimbo, kuna hesabu ya wafanyakazi, na kuna vipimo vya afya za wakazi: wangapi wana vidonda, wangapi wameanguka na kuumia, wangapi wanapewa dawa za magonjwa ya akili. Hii sehemu ya tatu ndiyo niliyoishuku tangu zamani, kwa sababu sehemu kubwa ya takwimu zake hujazwa na nyumba yenyewe. Mwenye duka ndiye anayeshika mizani.

Ukaguzi una uzito zaidi. Wakaguzi huja bila taarifa, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine haipaswi kupita miezi 15. Lakini hata nyota za ukaguzi zina jambo ambalo watu wengi hawalijui: hugawanywa ndani ya jimbo. Asilimia 10 ya nyumba zilizofanya vizuri kuliko nyingine hupata tano, asilimia 20 za mwisho hupata moja, zilizobaki hugawana katikati. Kwa hiyo nyota tano maana yake ni kwamba nyumba hii imewazidi majirani zake. Kama majirani wote ni wabovu, hilo halikwambii mengi.

Nilichokifanya ni kuacha nyota na kusoma ripoti zenyewe. Zipo, na sheria inaitaka kila nyumba iweke ripoti yake ya karibuni mahali ambapo mkazi au mgeni ataisoma bila kuomba ruhusa. Kila kosa limepewa herufi, A hadi L. Kwenye G, H na I mtu ameshaumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo kwa papo, ile inayoweza kuumiza vibaya au kuua. Nilikaa na ripoti zile hadi saa nane usiku, Mama yuko hospitalini, watoto wamelala. Sikutafuta nyumba isiyo na kosa, kwa sababu sijawahi kuiona. Nilitafuta kosa linalorudi. Nyumba iliyokamatwa mwaka mmoja chakula kimepoa inaweza kujirekebisha. Nyumba iliyoandikwa mara tatu mfululizo kwamba wakazi hawakugeuzwa, hiyo inakwambia kazi inavyoendeshwa pale. Majina manne niliyafuta kwa kalamu usiku ule ule, moja likiwa na alama ya mkono mwekundu, ambayo tangu 2019 huwekwa kwa nyumba zilizopatikana na kosa la kunyanyasa wazee.

Kitu cha pili nilichotazama ni wafanyakazi, na hapo nilikuwa na imani zaidi, kwa sababu saa zao zinatokana na orodha ya mishahara. Tangu 2022 tovuti inaonyesha pia wikiendi pakoje, na ni wangapi wanaoacha kazi kwa mwaka. Mimi ningeanza hapo kabla ya kitu kingine chochote. Msaidizi aliyekaa na mzee mmoja miaka mitatu anajua upande anaopenda kulalia, anajua akinyamaza ghafla kuna jambo.

Asubuhi na jioni

Tulibaki na nyumba tatu. Ile ya nyota tano ilitukaribisha saa nne asubuhi. Mama mmoja mchangamfu akatutembeza: piano, samaki wa rangi kwenye tangi la kioo, maua freshi, chumba cha mazoezi. Mume wangu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Nikarudi peke yangu jioni. Ilikuwa Jumamosi, saa moja.

Karibu na mlango kuna karatasi ambayo kila nyumba inatakiwa kuibandika kila siku: wauguzi wangapi, wasaidizi wangapi, saa ngapi, wakazi wangapi. Ile niliyoikuta ilikuwa ya Alhamisi. Nikaingia hadi ukumbi wa pili. Juu ya mlango mmoja taa ya kuitia ilikuwa inawaka. Nikasimama karibu na dirisha kama mtu anayesubiri mgeni wake, nikatazama saa. Dakika tano. Kumi. Kutoka ndani kulikuwa na sauti ya kizee inayosema "tafadhali," si kwa kelele, kwa kurudia tu, kama mtu anayevuta uradi. Ilipofika dakika ya 26 sikuweza tena. Nikaenda kumtafuta mfanyakazi. Nilimkuta mmoja, binti mdogo, amebeba mashuka, jasho linamtiririka. Alikuwa peke yake ukumbi mzima.

Nyumba ya pili ilikuwa na nyota tatu. Zulia limechakaa, hakuna piano. Nilikwenda kwa mtindo ule ule, jioni, bila miadi. Taa ikawaka, msaidizi akafika ndani ya dakika nne. Nikamuuliza amefanya kazi pale kwa muda gani. Akasema miaka 14, akamtaja bibi aliyekuwa anamhudumia kwa jina na kuniambia anapenda chai yake iwe na maziwa mengi. Kucha za wazee zilikuwa safi. Glasi za maji zilikuwa upande wa mkono unaofanya kazi. Hayo mawili nilijifunza kuyatazama nilipokuwa kazini: kucha zinakwambia kama kuna muda, na glasi inakwambia kama kuna anayefikiri.

Harufu ya mkojo ilikuwepo kidogo. Haikunitisha. Mahali penye wazee 60 patanuka wakati fulani wa siku. Panaponitisha ni pale panaponukia manukato tu.

Tukachagua ya nyota tatu. Nilimpigia wifi Tanga, nikamwambia nimemtafutia Mama mahali. Nilisema kwa kujiamini.

Wiki tano baadaye nikafunua blanketi.

Alama niliyoiweka mimi

Hili ndilo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya niandike.

Msimu wa baridi wa 2016 nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba moja ambayo siitaji. Wawili hawakuja kazini kwa sababu ya barafu barabarani. Nikabaki na wazee 19. Zamu ni dakika 480. Gawanya: kila mzee ana dakika 25 kwa usiku mzima, na humo ndani kuna kubadilisha nepi, kumpeleka chooni anayeweza kwenda, kumtuliza anayemwita mumewe aliyekufa miaka ishirini iliyopita, kufua, kuokota aliyeanguka. Kumgeuza mtu vizuri, kumwekea mito, kumvuta shuka lisijikunje chini yake, si kazi ya dakika moja. Na inatakiwa kila saa mbili.

Karibu na alfajiri, wazee sita nilikuwa sijawagusa tangu saa sita usiku. Kwenye skrini ya ukutani visanduku vyao vilikuwa vyekundu. Kisanduku chekundu kikibaki hadi mwisho wa zamu, unaulizwa. Maneno tuliyokuwa tunaambiwa ni haya: jaza kabla hujaondoka.

Nikajaza.

Wote sita. Amegeuzwa, amegeuzwa, amegeuzwa. Dakika moja haikuisha. Kisha nikaenda nyumbani, nikalala.

Watano, kwa ninavyojua, hawakupata tatizo. Wa sita alikuwa mama mwembamba sana, mifupa mitupu, ambaye kila asubuhi alinishika mkono na kunishukuru kwa lugha yake ambayo sikuielewa. Siku mbili baadaye ngozi ilifunguka pale juu ya kifandugu. Huenda ilikuwa inakuja tu. Huenda zamu nyingine nazo zilijaza kama mimi. Sikumwambia mtu, na nilipoacha kazi ile nilijiambia nimeacha kwa sababu ya mgongo.

Kwa hiyo nilipokaa usiku nikisoma vipimo vya nyumba kumi na moja, asilimia za vidonda, asilimia za kuanguka, nilikuwa nasoma maandishi ya watu kama mimi. Nilijua. Nikachuja nyumba kwa makini, nikapima taa kwa saa, nikatazama kucha, halafu nikaamini kwamba nikishachagua vizuri nimemaliza. Nyumba ile niliyoichagua ni nzuri, hadi leo nasema hivyo. Lakini nyumba nzuri nayo ina Jumapili jioni.

Kijana wa Bukavu

Msaidizi wa zamu ile alikuwa kijana kutoka Bukavu. Nilimfahamu, kwa sababu ndiye mtu pekee pale anayezungumza na Mama Kiswahili, na Mama humsubiri kwa hamu. Humwita "mwanangu wa Kongo".

Nilimkuta kwenye korido. Kabla sijafungua kinywa akaona uso wangu.

"Dada yangu, nisamehe. Niko hapa tangu asubuhi. Mwenzangu wa mchana hakurudi, nikaombwa kuendelea na zamu ya jioni. Wazee kumi na nne. Nilisema nitarudi kwa Mama, nikaweka alama ili nisisahau, halafu nikaanza kukimbia."

Nilitaka kumwambia maneno makali, yalikuwa yamejipanga. Nikamwangalia viatu vyake, vimelowa maji ya bafuni, nikakosa.

Nilichelewa siku mbili nzima kuamua la kufanya. Nikisema, kijana huyu anaweza kupoteza kazi yake, na ana mama yake Bukavu anayekula kwa mshahara huo. Nisiposema, nimewaambia Mama na wazee wengine 13 kwamba miguu yao ni bei ya huruma yangu. Mume wangu alisema ni rahisi, nimtaje. Kwake ilikuwa rahisi kwa sababu hakuwahi kusimama mbele ya ile skrini.

Sheria ya taifa, ile ya 1987 iliyobadilisha nyumba za wazee nchi hii, inataka msaidizi awe na mafunzo ya angalau saa 75. Inataka nyumba iwe na wafanyakazi "wa kutosha". Haisemi wasaidizi wangapi. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni iliyotaja kiwango: saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho iliyoko Texas ikaifuta. Kijana wa Bukavu hajui lolote kuhusu hilo, lakini ndiye aliyekuwa analipa tofauti yake kwa miguu, na Mama kwa kisigino.

Nikaomba kikao. Alikuja mkuu wa wauguzi, ofisa ustawi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Niliwaambia niliyoyaona: nilikuwepo saa tisa hadi saa moja, hakuna aliyemgeuza, na kumbukumbu zinasema amegeuzwa. Sikutaja jina. Ratiba ya zamu wanayo. Kisha nikawaonyesha karatasi ya mlangoni ya Jumapili ile, niliyokuwa nimeipiga picha, na kuwauliza wao wangefanyaje dakika 480 kwa watu 14.

Mkuu wa wauguzi alinyamaza kwa muda. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Hata mimi nilianza kama msaidizi."

Tulikubaliana mambo machache. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani, kisiguse godoro. Kila jioni kikaguliwe kwa kuguswa, si kwa kutazamwa, na hilo liandikwe kwenye mpango wake wa matunzo, kwamba kwa ngozi yake joto na ugumu ndiyo dalili. Wikiendi pasiwe na mtu wa zamu mbili ukumbi ule bila msaada. Hili la mwisho walisema watajaribu. Nikampigia pia mtetezi wa wakazi, maana kila jimbo linatakiwa na sheria kuwa na ofisi hiyo, na huduma yake ni bure. Nikapeleka lalamiko kwa Idara ya Afya ya jimbo kuhusu idadi ya wafanyakazi. Kijana wa Bukavu alipewa onyo na mafunzo. Bado yupo.

Tungeweza pia kuweka kamera. Minnesota imeruhusu tangu 2020, mradi anayelala naye chumba kimoja akubali. Nilifikiri sana. Mama alipoulizwa alisema hataki kutazamwa akivuliwa nguo, na hapo mjadala ukaisha.

Kitanda cha pili

Kisigino kilipoa baada ya siku tisa. Ngozi haikufunguka. Sasa nakwenda siku na saa ambazo hata mimi mwenyewe sizipangi, wakati mwingine usiku natoka kazini na kupitia pale. Shikamoo, marahaba, halafu soksi.

Jumanne iliyopita nilimkuta yule kijana yuko chumbani. Akanyanyua mguu wa Mama mwenyewe, akaweka mgongo wa mkono wake kisiginoni, akangoja kidogo, akanitazama. "Baridi," akasema. Mama akacheka.

Alipotoka, Mama akanivuta mkono. Upande wa pili wa pazia yuko mama mmoja ambaye tangu tuhamie sijaona mtu akimtembelea. Haongei. Kiharusi chake kilichukua maneno.

"Na huyu," Mama akasema kwa sauti ya chini, "nani anamvua soksi?"

Sina haki ya kufunua blanketi la mtu. Nililijua hilo nilipokuwa nazunguka pazia. Alikuwa macho. Miguu yote miwili ilikuwa imelala juu ya godoro, na mto ulikuwa umeangukia sakafuni. Nikamsalimia, nikaokota mto, nikauweka karibu na mkono wake, nikabonyeza kengele yake.

Taa ikawaka juu ya mlango. Nikakaa kati ya vitanda viwili, nikatazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na moja usiku.